Uongozi wa chama cha wahandisi chuoni: kijana anapata nini hasa? (uzi mrefu, kutoka Kisumu)

Mnara_wa_Maji (Kisumu), mwanzilishi wa uzi

Wadau, hamjambo.

Juzi binamu yangu aliye mwaka wa pili wa uhandisi wa ujenzi alinipigia simu usiku. Wenzake wanamtaka agombee uenyekiti wa chama cha wanafunzi wa uhandisi. Mama yake, yaani shangazi yangu, amekataa katakata: "Nilikupeleka kusoma, sikukupeleka kupiga siasa." Kijana akaniuliza, "Dada, wewe uliongoza. Ulipata nini?" Nilianza kumjibu nikaona jibu haliishi kwenye simu. Najua pia kuna wazazi na vijana wengi wa huku kwetu, kuanzia Nakuru mpaka Busia, wenye swali hilohilo. Kwa hiyo naliandika hapa.

Mimi ni mhandisi wa maji, nafanya kazi Kisumu. Nilikuwa katibu mwaka mmoja, mwaka uliofuata nikawa mwenyekiti, katika chuo kimoja cha magharibi ambacho sitakitaja. Ofisi hatukuwa nayo. Tulikuwa na kabati la chuma lenye kufuli bovu, daftari la kumbukumbu za mikutano, na mlezi wetu mhadhiri ambaye vipindi vilimjaa kutwa kucha.

Ukiwauliza watu faida ya chama watakutajia cheti, barua ya mapendekezo na kujulikana. Hivyo vyote nilivipata, na sikatai kwamba vina kazi yake. Lakini kilichonifanya niwe mhandisi ni tangi la maji.

Tuliamua kuijengea shule moja ya msingi, tambarare za Kano, tangi la kuvuna maji ya mvua. Hesabu zilikuwa tamu kwenye karatasi. Paa la madarasa lilikuwa na mita za mraba 100 hivi. Mvua ya milimita 50 ikilinyeshea inatoa lita 5,000, ukitoa kidogo kinachomwagika kwenye mifereji. Tukachanga, tukaomba huku na huku, tukanunua tangi la plastiki la lita 5,000 na kulijengea kitako cha mawe na saruji. Mimi ndiye niliyetia saini barua ya kumkabidhi mwalimu mkuu: kazi imekamilika, tangi ni salama.

Anayeijua Kano anaujua udongo wake mweusi. Mvua ikija unavimba. Jua likikolea unapasuka nyufa ambazo mguu wa mtoto unazama. Darasani tulifundishwa habari zake na mtihani wake nilifaulu vizuri. Lakini siku ya kuchimba msingi sikuwapo, nilikuwa na mtihani mwingine. Wenzangu walichimba futi moja na nusu, wakakuta pagumu kama jiwe kwa kuwa ilikuwa Februari, wakaamini wamefika. Masika yalipoingia kitako kikainuka upande mmoja. Maji ya lita 5,000 ni tani 5, na tani 5 hizo zikauegemea ukuta wa darasa la nne.

Hakuna mtoto aliyeumia. Mwalimu mkuu aliliona alfajiri, akafungua bomba maji yote yakamwagika, akaziba njia ile kwa madawati. Kisha akanipigia simu mimi. Hakumtafuta aliyeshika jembe. Jina lililokuwa chini ya barua lilikuwa langu.

Siku ile ndipo nilipoielewa kazi niliyokuwa naisomea. Mara nyingi mhandisi si yeye anayechimba wala anayechomelea. Anatia saini chini ya kazi ya mikono ya wengine, kisha anaijibia. Darasani ukikosea unapoteza alama zako, basi. Chama kilinifundisha kujibia kazi ya watu nikiwa na miaka 21, kwa tangi la plastiki, kabla sijakabidhiwa bomba la kunywesha mtaa mzima.

Tulirudi. Tulichimba futi 4, tukautoa udongo mweusi wote, tukajaza murram kwa matabaka na kushindilia kila tabaka, tukajenga upya. Kabla ya hapo nilisimama mbele ya kamati ya wazazi kueleza kilichotokea. Mwenyekiti wao, mzee wa makamo aliyekuwa mkulima wa mpunga, hakunifokea. Aliuliza swali moja: "Nani aliliangalia shimo kabla halijafukiwa?"

Sikuwa na jibu. Tangu hapo sijawahi kutia saini msingi ambao sikuuona kwa macho yangu ukiwa wazi.

Mzazi_Kakamega

Binti yangu, nimesoma na nimeguswa. Lakini habari hii inanizidishia hofu. Mwanangu aliongoza chama mwaka wa tatu. Mwaka huohuo akarudia mitihani miwili. Nusu ya karo ilitoka kwenye mkopo wa HELB, nusu ilitoka kwenye miwa na ng'ombe wangu. Mwajiri atauliza digrii, hatauliza nani alikuwa mwenyekiti. Mama wa huyo binamu yako hajakosea.

Mnara_wa_Maji

Mzee wangu, heshima kwako. Sitakudanganya: hata mimi nilirudia somo moja, la mwendo wa maji kwenye mabomba, na ndilo hasa ninalolifanyia kazi leo. Liliniuma. Lilimuuma baba zaidi.

Nikitazama nyuma, kosa langu halikuwa kuongoza. Kosa langu ni kwamba kila kitu nilikishika mwenyewe. Barua nilikuwa naandika mimi, fundi namfuata mimi, ukumbi nafagia mimi. Nilidhani huo ndio uongozi. Mwenyekiti anayefanya kazi za kamati nzima atafeli masomo, na kamati yake haitajifunza chochote. Tulipokuja kukubaliana kwamba wiki 4 kabla ya mitihani chama kinafunga kabati, hakuna mradi wala ziara, alama zangu zilipanda tena. Kama kijana hawezi kuwaambia wenzake "sasa tunasoma," basi ni kweli asigombee.

La mwajiri nakubaliana nawe nusu. Digrii ndiyo mlango. Lakini kwetu digrii haikufanyi mhandisi mtaalamu. Kwa Sheria ya Wahandisi ya 2011, unasajiliwa kwanza na Bodi ya Wahandisi kama mhandisi mhitimu, unakaa angalau miaka 3 ukipata uzoefu, kisha unapimwa ndipo upewe usajili wa juu. Katika miaka hiyo unatakiwa uweze kueleza kazi uliyoisimamia: uliamua nini, kwa nini, na ilikuwaje mambo yalipokwenda kombo. Nimekaa na wahitimu wazuri sana wa hesabu ambao swali la "uliamua nini?" linawaziba mdomo, maana tangu shule ya msingi hadi chuo kila kitu waliamuliwa. Hao nawaonea huruma, kwa kuwa akili wanayo.

Hazina_ya_Zamani (Nakuru)

Niingie hapa. Mimi nilisoma umeme, nilikuwa mweka hazina wa chama chetu. Dada amegusa tangi, mimi niseme pesa, kwa sababu pesa ndiyo ilinifunza.

Tulipanga ziara ya kwenda kuona mitambo ya Sondu Miriu. Kwa asiyeijua: maji ya mto Sondu yanaingizwa kwenye handaki la zaidi ya kilomita 6, yanaporomoka na kuzungusha mitambo ya megawati 60. Hayaishii hapo, yanaendelea mpaka Sang'oro na kutoa megawati 21 nyingine, maji yaleyale. Kwa mwanafunzi wa umeme hiyo ni sikukuu. Watu 48 waliandika majina. Nikachukua akiba yote ya chama nikalipia rubuni ya basi.

Siku mbili kabla ya safari waliokuwa wamelipa ni 29. Wengine 19 walikuwa na maneno mazuri sana. Mwenye basi hakutaka maneno. Usiku ule nilizunguka bweni kwa bweni, mlango kwa mlango, nikauza viti kwa wanafunzi wa mitambo na hata wawili wa ualimu wa fizikia. Tulijaza. Lakini nilijifunza kwamba jina kwenye orodha si pesa, na nilijifunza kwa tumbo linalouma, si kwa kitabu.

La pili ni zito kwangu kulisema. Michango ilikuwa inaingia kwenye M-Pesa ya simu yangu mwenyewe, ikichanganyika na pesa zangu za chakula. Nilipokaa kupiga hesabu nikakuta shilingi 600 za chama nimezila bila kujua. Ningeweza kuziba kimya kimya. Niliandika kwenye ripoti, nikasema mbele ya mkutano, nikalipa. Baadhi waliguna. Lakini muhula uliofuata michango iliongezeka, na tulianza kubandika hesabu kwenye ubao kila Ijumaa, hadi shilingi ya mwisho, na laini ya simu ikawa ya chama peke yake.

Leo nafunga mifumo ya sola kwenye mashamba ya maua na viwanda vidogo. Kabla sijaagiza paneli nauliza swali moja: malipo yameingia au yameahidiwa? Kuna wenzangu wenye ufundi kunishinda ambao biashara zao zilikufa kwa sababu ya swali hilo.

Fundi_wa_Njoro

Nawasoma nyote kwa heshima. Mimi nina diploma ya mitambo kutoka politekniki. Tangu Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi ya 2016 hata sisi tuna bodi yetu ya usajili. Lakini hivi vyama mnavyovisifu, sisi tulikuwa tunaalikwa siku ya kubeba viti. Vijana wa digrii wanaongoza, wa diploma wanashangilia. Je, hapo kiongozi anajifunza nini isipokuwa kujiona?

Mnara_wa_Maji

Kaka, umesema kweli, na chama chetu hakikuwa tofauti. Nikueleze kilichonibadilisha.

Kwenye tangi lile tulihitaji fremu za chuma za kushikilia mifereji. Tulichora vizuri, kila kipande mita 2.1, tukapeleka kwa mchomeleaji wa jua kali pale Kibuye. Aliitazama michoro yetu kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mnajua chuma kinauzwa urefu gani?" Tukanyamaza. Chuma kinauzwa mita 6. Ukikata vipande viwili vya mita 2.1 unabaki na mita 1.8 isiyokufaa. Akachukua chaki, akachora sakafuni: punguza sentimita 10, upate vipande vitatu kamili. Fremu ilibaki imara vilevile. Alituokolea theluthi ya chuma, na hakuwa na cheti chochote cha chuo.

Baadaye nilikuja kusoma jinsi vyama hivi vilivyoanza. Tarehe 2 Januari 1818, London, kikundi kidogo cha vijana kilikutana kwenye mkahawa mmoja wa mtaa wa Fleet Street na kuanzisha chama ambacho leo ni Institution of Civil Engineers. Hawakuwa wazee wenye majina. Henry Robinson Palmer, aliyetoa hotuba ya kwanza, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alisema mhandisi ni mpatanishi kati ya mwanafalsafa na fundi wa kazi, na kwamba kama mkalimani kati ya wageni wawili, lazima azijue lugha zao zote mbili. Chama kilibaki kidogo mpaka 1820, walipomwomba Thomas Telford, mjenzi mashuhuri wa madaraja na barabara, awe rais wao. Mwaka 1828 kikapata hati ya kifalme. Hebu ona: vijana walianza, kisha wakamtafuta mzee wa kuwashika mkono, na neno lao la kwanza lilikuwa kumhusu fundi.

Kwa hiyo kiongozi anayewaita wa diploma wabebe viti anatupa nusu ya elimu aliyofuata pale. Mwaka wangu wa pili tulifanya hivi: kila mradi uwe na viongozi wawili, mmoja wa digrii na mmoja wa politekniki jirani, na mchoro usitoke mpaka wote wawili wametia saini. Kulikuwa na ubishi mwingi. Michoro ikawa bora, na hata mikutano ikawa mifupi, maana mtu wa karakana hana subira na maneno.

Mwaka_wa_Tatu

Dada, mimi ni msichana, niko mwaka wa tatu wa umeme, chuo kimoja cha huku magharibi. Darasani tuko wasichana watano. Kila uchaguzi ukija naambiwa nichukue ukatibu kwa sababu nina mwandiko mzuri, au nishughulikie chakula cha wageni. Nikubali nianzie hapo au nikatae? Na jambo la pili: ukitoka madarakani, unaacha nini?

Mnara_wa_Maji

Mdogo wangu, maneno hayo ya mwandiko niliambiwa hivyohivyo. Nilichukua ukatibu na sijutii, ila kwa sababu ya kilichotokea baadaye. Mwenye daftari ndiye anayejua nani aliahidi nini lini. Mikutano mitatu ilipopita nikawa mimi ndiye ninayeulizwa, "Tulikubaliana nini?" Hapo nikaona nguvu iliyo kwenye kuandika vizuri. Leo sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuandika: ripoti, barua kwa mkandarasi, kumbukumbu za kikao cha eneo la kazi. Mkandarasi akisema "hukuniambia," nafungua ukurasa.

Lakini chakula cha wageni nilikataa. Nilisema kwenye mkutano, kwa upole na bila kuzungusha, kwamba itakuwa zamu kwa wote. Na uchaguzi uliofuata sikungoja kuombwa, nilijaza fomu ya uenyekiti mwenyewe. Ukichukua ukatibu, uchukue ukijua unakokwenda. Usipitishe miaka miwili hapo.

La kuacha ndilo linaloua vyama vyetu. Kila Mei viongozi wanamaliza, wanaondoka na namba za simu, michoro, na majina ya maafisa waliowasaidia. Septemba wapya wanaanza sifuri. Nilipoingia nilikuta kabati lina bendera na mabaki ya mshumaa. Nilipotoka niliacha faili moja, na ukurasa niliouandika kwa uangalifu kuliko zote una kichwa "Tulipokosea". Tangi liko humo: picha, kina cha shimo la kwanza, rangi ya udongo, kina cha shimo la pili, na swali la yule mzee. Miaka miwili baadaye kijana nisiyemfahamu alinipigia, akasema wamefungua faili kabla ya kujenga choo cha shule huko Nyando, na wakachimba hadi wakaupita udongo mweusi. Siwezi kueleza nilivyofurahi. Nilikuwa barabarani, ikabidi niegeshe gari.

Mzazi_Kakamega

Binti yangu, nimerudi. Nimemuuliza mwanangu usiku huu, mwaka ule alijifunza nini. Hakuwahi kuulizwa. Amezungumza saa nzima. Kumbe kulikuwa na mgogoro wa pesa kwenye chama chao na yeye ndiye aliyewapatanisha, mimi nikiwa namgombeza kwa sababu ya alama. Sijabadilika kuhusu mitihani. Lakini mwambie shangazi yako amuulize kijana anataka kufanya nini akipewa kiti. Asipokuwa na jibu, amkataze. Akiwa na jibu, amsikilize kwanza.

Mnara_wa_Maji

Ahsante, Mzee wangu. Nitampelekea maneno yako kama yalivyo.

Mwaka_wa_Tatu

Nimeamua, najaza fomu ya uenyekiti. Nikichaguliwa, kamati ina mpango wa tangi la lita 10,000 kwenye shule moja karibu na Ahero. Barua ya makubaliano iko tayari, wanataka itiwe saini mwezi ujao.

Mnara_wa_Maji

Hongera, mdogo wangu. Lita 10,000 ni tani 10, mara mbili ya lile letu. Kabla ya kutia saini chochote, nenda Ahero na mtu mmoja wa politekniki na jembe. Chimbeni pale pale tangi litakapokaa, futi 4 kwenda chini, hata kama juu pako pagumu. Usitume mtu, nenda mwenyewe. Ukifika chini, niandikie umekuta udongo gani.